Mtaka yote hukosa yote: dereva, ghala na foleni ya Mbwemkuru

Najua nimekuwa kimya. Nilikuwa kusini, si Mtwara mjini wala Lindi kwenye upepo wa bahari, bali ndani kabisa, bonde la Mto Mbwemkuru, upande wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Nilikwenda kuandika habari za korosho, nimerudi na habari za kompyuta. Msinicheke. Someni kwanza.

Asubuhi moja nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi moja inayoshughulikia malipo ya wakulima. Ofisi siitaji, maana shida niliyoiona pale mnaweza kuikuta hata hapo mlipo. Benchini tulikuwa watu kumi na wanne. Jirani yangu alikuwa babu mmoja mwenye baraghashia nyeupe iliyoanza kuwa ya kahawia, ameshika stakabadhi aliyoikunja mara nne. Ilikuwa mara yake ya tatu wiki ile. Bodaboda shilingi elfu nne kuja, elfu nne kurudi. Alikuwa na swali moja tu: jina langu limo kwenye orodha ya malipo au halimo?

"Shikamoo babu," yule dada wa mapokezi akamsalimia. "Mtandao unasumbua, tuvumiliane kidogo."

"Marahaba mwanangu. Ila na juzi ulisumbua."

Dada akacheka kwa aibu. Si kosa lake. Alikuwa ameandika namba ya babu, amebonyeza 'Tafuta', na kile kiduara mnachokijua kikaanza kuzunguka. Kikazunguka mpaka nikamaliza chai. Kisha mashine ikaganda. Akaizima, akaiwasha, akaanza upya. Muda wote huo simu yangu, pale pale benchini, ilikuwa inafungua kurasa za magazeti. Taratibu, lakini inafungua.

Sasa mimi ni mwandishi, si fundi. Lakini nina rafiki niliyesoma naye chuo, yeye akachukua kompyuta, mimi nikachukua kalamu. Nikampigia. Akaniuliza swali moja ambalo mpaka leo naliona la maana kuliko yote niliyouliza mimi safari nzima:

"Majina yanaanza kutokea machache machache, au hakitokei kitu kabisa mpaka mashine inaganda?"

"Hakitokei kitu."

"Basi usiulaumu mtandao peke yake. Hiyo programu inavuta orodha nzima."

Baadaye kijana anayezihudumia mashine zile alithibitisha. Programu imewekwa kwenye kompyuta ya ofisi na inaongea moja kwa moja na kanzidata iliyoko mjini, mbali. Ukibonyeza 'Tafuta', haiulizi habari za mkulima mmoja. Inaomba wakulima WOTE, inawaleta wote mpaka Mbwemkuru, halafu ndipo inaanza kumtafuta babu ndani ya mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili. Akija mtu wa pili, inawaleta wote tena.

Ndugu msomaji, hebu tafakari. Unataka gunia lako moja ghalani, wao wanakuletea ghala zima nyumbani uchague mwenyewe.

Dereva ni nani?

Kati ya programu na kanzidata kuna mtu wa tatu ambaye hatumwoni. Wataalamu wanamwita draiva, mimi nitamwita dereva, maana kazi yake ni hiyo hiyo. Programu inaandika ombi, dereva analipeleka ghalani, na dereva ndiye anayerudi na mzigo.

Suala ni hili: anarudi na mzigo kiasi gani kwa safari moja? Na akifika, anaushusha wapi kabla ya kumkabidhi mwenye kuuomba? Hapo mahali pa kushushia ndipo wanapopaita bafa, yaani stoo ya muda ndani ya kumbukumbu ya mashine. Mzigo ukiwa mdogo, stoo inatosha. Mzigo ukiwa mkubwa kuliko stoo, ndiyo ile mashine kuganda mliyoisikia.

Jambo lililonishangaza ni kwamba madereva wengi, usipowapa maelekezo, hubeba kila kitu. PostgreSQL, kanzidata inayotumika sana duniani, maktaba yake ya kawaida hukusanya matokeo yote kwenye kumbukumbu kwanza, ndipo programu ipate hata jina la kwanza. Njia ya kupokea mstari mmoja mmoja iliingizwa rasmi kwenye toleo la 9.2, mwaka 2012, na ya kupokea mafungu mafungu ikaja na toleo la 17, mwaka 2024. Dereva wa MySQL kwa lugha ya Java naye ni hivyo hivyo: anameza yote isipokuwa umwambie vingine. PHP ikiongea na MySQL, yote pia.

Oracle kwa Java yeye kachagua njia nyingine. Kwa kawaida huleta mistari 10 kwa safari. Mtasema, huyo ndiye mwenye akili. Ngojeni kwanza.

Tupige hesabu kidogo

Tuchukulie orodha ina wakulima 60,000 na kila mmoja habari zake zina ukubwa wa kilobaiti 2. Jumla ni megabaiti 120. Tuchukulie pia mtandao wa ofisi ni megabiti 1 kwa sekunde, ambayo kwa siku nzuri si haba. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabaiti 120 ni megabiti 960. Yaani sekunde 960. Dakika 16!

Dakika 16 kwa jina moja. Benchi letu lilikuwa na watu kumi na wanne. Zidisha: dakika 224, karibu saa nne, kama mashine haikuganda hata mara moja na mtandao haukukatika. Na ukikatika dakika ya 14? Unaanza sifuri.

Bado kumbukumbu. Data ikishafika ndani ya mashine mara nyingi huvimba, maana kila jina na kila namba hufungashwa upya kwa namna ya lugha ya programu. Megabaiti 120 za njiani si ajabu zikawa mia kadhaa zikifika. Weka hizo kwenye mashine ya gigabaiti mbili ambayo tayari imebeba Windows na kile kinga-virusi kilichokwisha muda wake. Matokeo unayajua.

Haya, turudi kwa yule wa mistari 10. Wakulima 60,000 kwa mistari 10 ni safari 6,000. Kama kila safari ya kwenda na kurudi ina kusubiri kwa sehemu moja ya tano ya sekunde, kusubiri peke yake ni sekunde 1,200. Dakika 20, nje ya muda wa kubeba mzigo wenyewe! Kumbe kubeba kidogo kupita kiasi nako ni balaa. Ni sawa na kuhamisha ghala kwa baiskeli.

Ukimwambia dereva alete mistari 1,000 kwa safari, safari ni 60 na kusubiri ni sekunde 12 tu. Stoo ya muda inashika megabaiti 2 badala ya 120. Majina ya kwanza yanaonekana baada ya sekunde kumi na sita hivi, si dakika kumi na sita. Mzigo wote bado utachukua muda wake, hilo hakuna dereva wa kuliondoa, lakini mashine haigandi na mtu anaona kazi inasonga.

Na kwa babu wetu? Babu hahitaji 60,000, wala 1,000. Anahitaji mstari mmoja wa kilobaiti 2. Safari moja. Kufumba na kufumbua.

Upande wa pili wa shilingi

Nisije nikaonekana nawasingizia watengeneza madereva. Rafiki yangu alinikatiza nilipoanza kuwaka. Akasema kubeba yote kuna sababu zake, na nyingi ni nzuri.

Kwanza, ukibeba yote mara moja, ghala linafungwa mapema na kuhudumia wengine. Ukibeba kidogo kidogo, lango linabaki wazi muda wote unaosomba. Dereva wa MySQL, ukimwambia atiririshe mistari mmoja mmoja, huwezi kutuma ombi jingine kwenye njia ile ile mpaka umalize kusoma au ufunge. Dereva wa PostgreSQL kwa Java, ukitaka alete mafungu, lazima uzime ule utaratibu wa kila ombi kujithibitisha lenyewe, la sivyo setFetchSize yako ataisikia na kuipuuza. Hakupi onyo, anabeba yote kama kawaida. Wangapi wameweka namba pale wakaridhika kwamba wametibu ugonjwa?

Pili, ukiwa na yote mkononi unaweza kuhesabu, kurudi nyuma, kupanga upya. Ukiwa na fungu moja tu, huna hakika kilichobaki ni kiasi gani.

Tatu, matokeo mengi ni madogo. Mistari 20, mistari 50. Kwa hayo, beba yote na usijisumbue.

Nakubali yote hayo. Ndiyo maana hoja yangu si kwamba kubeba yote ni kosa. Hoja yangu ni kwamba ni uamuzi. Na uamuzi huo usipofanywa na mtu anayeijua Mbwemkuru, utafanywa na dereva aliyetengenezwa na mtu asiyeijua. Gharama yake haitalipwa na dereva wala mwandika programu. Itakwenda kwenye nauli ya bodaboda.

"Mbona kwetu inafanya kazi?"

Nilimuuliza yule kijana wa mashine kama waliwahi kuwaambia watengenezaji. Akasema waliandika. Jibu lililorudi: kwetu inafanya kazi vizuri.

Na wala hawakudanganya! Kwao inafanya kazi. Wako mjini, kompyuta mpya, kanzidata iko chumba cha pili, na orodha ya majaribio ina majina mia mbili ambayo nusu yake ni 'Juma Test'. Mia mbili kwa kilobaiti 2 ni kilobaiti 400. Hata umeze kwa mkupuo hutasikia kitu. Kosa hili halionekani kwenye udogo. Linasubiri msimu, linasubiri orodha ikue, ndipo linajitokeza, na likijitokeza aliyeliandika hayupo.

Nachingwea inayo kumbukumbu ya namna hii, tena ya zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuja na Mpango wa Karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ndoto ilikuwa ekari zaidi ya milioni tatu. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikalazwa kutoka huko kuelekea Nachingwea kusomba mavuno. Wakataka yote, haraka, kabla ya kuijua vizuri ardhi na mvua yake kwa shamba dogo la majaribio. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda, na reli ile ikaja kung'olewa miaka ya 1960. Wale hawakujaribu kwa udogo wakarukia ukubwa. Hawa wa programu wanajaribu kwa udogo tu, ukubwa wanatuachia sisi. Njia tofauti, lakini shimo ni lile lile: hakuna aliyepima kitakachotokea mzigo halisi ukifika mahali halisi.

Kwa nini orodha si jambo dogo

Huenda kuna msomaji wa Sinza au Mikocheni anasema, kaka, mashine kuwa nzito ni habari ya kuandika kweli? Ngoja nikukumbushe Novemba 2018. Wanunuzi walitaja bei ndogo, wakulima wakagoma, na Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kusomba. Kabla ya kulipwa, wakulima wakahakikiwa. Neno 'uhakiki' likawa msamiati wa kila kijiwe cha kahawa kusini. Wapo waliosubiri hela zao mpaka 2019 ikiwa imeshika kasi.

Sisemi ucheleweshaji ule uliletwa na programu. Mambo yalikuwa mengi, kangomba mojawapo. Nasema tu kwamba huku, kuwemo au kutokuwemo kwenye orodha ni ada ya mtoto, ni dawa, ni viuatilifu vya msimu ujao. Watu wanaojua maana ya orodha kiasi hicho hawastahili kujibiwa "mtandao unasumbua" kila siku na mashine ambayo haijawahi kuulizwa inabeba nini.

Na mambo yanazidi kuingia kwenye kompyuta. Usajili wa wakulima, pembejeo za ruzuku, minada ya korosho ambayo siku hizi inaendeshwa kwa mtandao. Vyema kabisa, mimi si mpinzani wa maendeleo. Lakini tukihamisha foleni kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kiduara kinachozunguka, tumepiga hatua gani?

Tudai nini?

Siku hizi kila taasisi 'inazindua mfumo'. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, sisi waandishi tunapewa bahasha ya nauli na taarifa kwa vyombo vya habari. Nakiri nami nimeziandika habari hizo nyingi, na sijawahi kuuliza swali hata moja la maana. Kuanzia leo nitauliza manne, na nawaomba wenzangu wa kalamu mnisaidie:

1. Mtu akitafuta jina moja, mfumo unavuta majina mangapi? Jibu sahihi ni moja. Kutafuta kufanyike ghalani, si nyumbani kwa mteja.

2. Pakihitajika orodha ndefu kweli, kama ripoti ya msimu, dereva ameelekezwa alete mistari mingapi kwa safari? Akikujibu "sijui", basi unajua.

3. Mtandao ukikatika katikati, kazi inaendelea ilipoishia au inaanza upya? Mfumo unaosema "nipe 500 wanaofuata baada ya namba hii" unaweza kuendelea kesho yake. Mfumo unaosema "ruka 50,000 kisha nipe 500" unailazimisha kanzidata kuwapitia hao 50,000 kila mara, hata kama haiwaleti.

4. Mmeujaribu kwa orodha kamili, kwenye mashine ya ofisi ya kijijini, kwa mtandao wa kijijini? Si picha ya uzinduzi. Majaribio.

Na msidhani ukihamia kwenye mfumo wa kivinjari umepona. Hapo dereva anakaa kwenye seva, si kwenye kompyuta ya ofisi. Makarani 20 wakibonyeza 'Tafuta' kwa pamoja na kila ombi likameza megabaiti 120, seva inahitaji gigabaiti 2.4 kwa kazi hiyo tu. PHP kwa kawaida hukiruhusu kila kipande cha kazi megabaiti 128, kwa hiyo wengine watakatwa katikati na kuona ukurasa mweupe. Hapo itakuwa si Mbwemkuru peke yake inayoganda, ni mkoa mzima.

Vijana wenzangu mnaoandika programu, mnajitahidi, na najua mnalipwa kidogo na mnaharakishwa na wakubwa wanaotaka uzinduzi kabla ya mwaka wa fedha kuisha. Lakini hili ni jambo la mistari miwili mitatu ya kazi. Masharti mawili kwenye ombi, namba moja kwa dereva. Wazee wetu walishasema mtaka yote hukosa yote, na wakasema haba na haba hujaza kibaba. Hawakuwahi kuiona kompyuta, lakini walijua habari za mizigo.

Babu? Saa saba na nusu mashine ikakubali. Jina lake lilikuwemo. Dada akamsomea kiasi, babu akatikisa kichwa, akaikunja stakabadhi yake mara nne kama mwanzo, akaitia mfukoni.

"Sasa mwanangu," akamuuliza dada, "hilo jina langu lilikuwa limejificha wapi siku zote tatu?"

Hakuna aliyemjibu. Lilikuwa palepale ghalani, babu. Hakuna aliyekwenda kukuchukulia wewe peke yako.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.